Sanamu na Nadhiri: Jinsi ya Kuhakiki Sanaa ya Kale ya Kibuddha ya Japani

0. Utangulizi

Katika uhakiki wa sanaa kuna desturi moja ambayo wengi wetu huifuata bila kuihoji: kukisimamisha kitu mbele ya macho, kukizunguka, kukipima umbo na rangi, kisha kukitolea hukumu. Desturi hiyo ina faida zake, na sisi wenyewe tunaifundisha. Lakini je, yafaa kwa kila kitu? Makala haya yanalijaribu swali hilo kwa vitu vilivyosifiwa sana duniani kama kazi za sanaa, navyo ni sanamu na vyombo vya ibada vya Wabuddha wa Japani, kuanzia karne ya 6 hadi ya 8. Shabaha yetu ni kuonyesha kwamba vitu hivyo vilitengenezwa kwanza kama nadhiri, na kwamba mhakiki asiyeuliza ni nani aliyeiweka nadhiri hiyo, kwa ajili ya nani na akiomba nini, huishia kuhakiki nusu tu ya kile kilicho mbele yake.

Neno nadhiri tumelichagua kwa makusudi. Katika Kiswahili mtu huweka nadhiri, naye akipata alichokiomba huiondoa. Nadhiri ya Kibuddha tutakayoieleza ina mpangilio wake: mtoaji huahidi kutengeneza sanamu, pagoda au nakala ya kitabu kitakatifu, na thawabu ya tendo hilo huelekezwa kwa mgonjwa, kwa marehemu, kwa mfalme au kwa viumbe vyote. Thawabu hutoka katika tendo lenyewe la kutengeneza. Msomaji akilikumbuka jambo hili, mengi yatakayofuata yatakuwa wazi.

1. Sanamu iliyovuliwa vitambaa

Katika hekalu la Horyuji, karibu na mji wa Nara, kuna jengo la pembe nane liitwalo Yumedono, yaani Jumba la Ndoto, ambalo lilijengwa mwaka wa 739. Ndani yake imo sanamu ya Kannon, bodhisatwa wa huruma, ambayo Wajapani huiita Guze Kannon, maana yake Kannon mwokoa ulimwengu. Imechongwa kwa mti wa kafuri na kubandikwa dhahabu nyembamba. Kimo chake kinakaribia senti 180, na mikono yake miwili imeshika mbele ya kifua kito chenye ndimi za moto. Wataalamu huiweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 7. Orodha ya mali ya hekalu iliyoandikwa mwaka wa 761 yaitaja kuwa ni sanamu yenye kimo cha mwanamfalme Shotoku, yule mtawala aliyekumbukwa kama mlezi mkuu wa dini ya Buddha nchini humo.

Kwa karne nyingi sanamu hiyo haikuonwa na mtu. Ilifungiwa katika kabati lake, ikazungushiwa vitambaa, na watawa waliamini kwamba kuifunua kungeleta msiba. Mwaka wa 1884, kama inavyotajwa kwa kawaida, Mmarekani Ernest Fenollosa, aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Tokyo, pamoja na mwanafunzi wake wa zamani Okakura Kakuzo, walifika wakiwa na idhini ya serikali ya kukagua mali za mahekalu. Watawa walikataa, wageni walisisitiza, hatimaye kabati likafunguliwa, na vitambaa vikaondolewa mkunjo kwa mkunjo. Tetemeko lililoogopwa halikutokea.

Fenollosa alikisimulia kisa hicho katika kitabu chake juu ya sanaa ya China na Japani, ambacho kilichapishwa mwaka wa 1912, baada ya kifo chake. Hukumu yake yafaa kuangaliwa kwa makini. Alisema kwamba uzuri wa umbo ndio uliowavutia zaidi. Akailinganisha sanamu na kazi za kale za Wagiriki, akaihesabu kuwa kazi ya Wakorea, na kuona kwamba ikitazamwa kwa ubavuni ni bora kuliko kutazamwa kwa mbele.

Hatumdharau Fenollosa. Jicho lake lilikuwa kali, na bila juhudi zake na za Okakura huenda kazi nyingi zingalipotea. Hata hivyo, hukumu yake imejengwa juu ya mahali ambapo hakuna mwabudu aliyewahi kusimama. Kabati la sanamu hufunguliwa kwa mbele. Waja hupiga magoti mbele. Ubavuni pana ukuta. Kadhalika, dhahabu iliyomshangaza kwa mng'ao wake ilikuwa imehifadhiwa na kufichwa kule kule alikokuja kukukomesha. Mtazamaji alifaidi matunda ya desturi ambayo yeye aliiona kuwa ushirikina mtupu.

2. Mgeni kutoka Paekche

Tukitaka kuelewa watu wa zama hizo walitarajia nini kutoka kwa sanamu, yatupasa kurudi nyuma. Kitabu cha historia kiitwacho Nihon Shoki, kilichokamilishwa mwaka wa 720, chasimulia kwamba mwaka wa 552 mfalme wa Paekche, moja ya falme za Korea, alimpelekea mfalme Kinmei wa Japani sanamu ya Buddha ya shaba iliyopakwa dhahabu, pamoja na bendera, miavuli ya heshima na vitabu vitakatifu. Maandiko mengine ya kale yautaja mwaka wa 538. Vyovyote iwavyo, dini iliingia katika baraza la mfalme kwa umbo la vitu, na vitu hivyo vilikuja kwa pamoja: sanamu haikutengwa na bendera yake wala na maneno yake.

Kinmei, kwa mujibu wa kitabu hicho, alishangazwa na uso wa sanamu ile, kwa kuwa hakuwa ameona kamwe uso wenye haiba ya namna hiyo. Lakini swali alilowauliza mawaziri wake halikuhusu uzuri. Aliuliza kama yafaa iabudiwe. Ukoo wa Soga ulikubali. Koo za Mononobe na Nakatomi zilikataa, zikisema kwamba miungu ya nchi itakasirika. Mkuu wa Soga akapewa sanamu aijaribu nyumbani kwake. Maradhi yakaenea, watu wakafa, na wapinzani wakapata hoja: sanamu ikatupwa katika mfereji wa Naniwa, na nyumba yake ikateketezwa.

Wanahistoria wanajua kwamba masimulizi hayo yaliandikwa muda mrefu baadaye, na kwamba mwandishi wake alipanga matukio ili yafundishe. Hata hivyo kwa mhakiki yana ushahidi mkubwa. Walioipokea sanamu na walioitupa mferejini walikubaliana juu ya jambo moja, nalo ni kwamba ina nguvu. Mtu hamtupi majini asiyeweza kitu. Ugomvi wao ulikuwa kama nguvu ile ni ya kheri au ya shari kwa nchi. Mtu ambaye angesimama kati yao na kusema kuwa sanamu ni nzuri tu, basi, angeonekana hajaielewa hoja.

Ukoo wa Soga ulishinda kwa silaha mwaka wa 587. Mwaka uliofuata walianza kujenga hekalu la Asukadera, na Paekche ikawapelekea watawa, masalio ya Buddha, maseremala wa mahekalu, mafundi wa vigae, mfua shaba na mchoraji. Tuzingatie pia kwamba mtu wa kwanza kutawazwa kuwa mtawa nchini humo, kwa mujibu wa kitabu kile kile, alikuwa msichana wa miaka 11, aliyepewa jina la Zenshin mwaka wa 584. Alikuwa mtoto wa Shiba Tatto, mtu wa asili ya bara, na jamaa hiyo hiyo ndiyo iliyomzaa fundi tutakayemweleza sasa.

3. Maandishi ya mwaka wa 623

Fundi huyo ni Tori, mjukuu wa Shiba Tatto. Ukoo wake uliitwa Kuratsukuri, maana yake watengenezaji wa matandiko ya farasi, kazi iliyohitaji ujuzi wa ngozi, mbao, shaba na dhahabu kwa pamoja. Sanamu kubwa ya Asukadera ni yake, ingawa moto wa mwaka wa 1196 uliiharibu vibaya na ilivyo leo imejaa viraka. Kazi yake iliyobaki nzima ni ile ya Buddha Shaka na wafuasi wake wawili, katika Jumba la Dhahabu la Horyuji, iliyokamilishwa mwaka wa 623.

Wahakiki wa umbo wamekwisha kuieleza mara nyingi, na maelezo yao ni sahihi. Uso ni mrefu, macho ni kama mbegu za lozi, midomo ina tabasamu dogo lisilobadilika. Nguo hushuka juu ya kiti katika mikunjo inayolingana kulia na kushoto kama maji yanayoporomoka ngazi kwa ngazi. Nyuma ya wote watatu pana kioo kikubwa cha shaba chenye umbo la ulimi wa moto. Kazi yote yakabili mbele. Ukiiangalia kwa ubavuni hupungua, na nyuma yake haikukusudiwa kuangaliwa.

Lakini huko nyuma ndiko kuliko na ufunguo. Mgongoni mwa kile kioo cha shaba yamechongwa maandishi 196 ya Kichina, yaliyopangwa katika mistari 14 yenye alama 14 kila mmoja. Yaeleza kwamba mwezi wa 12 wa mwaka wa 621 mama wa mwanamfalme alifariki; kwamba mwezi uliofuata mwanamfalme mwenyewe aliugua, na mkewe aliyemwuguza naye akalala kitandani; kwamba wake, wana na mawaziri, kwa majonzi yao, waliweka nadhiri ya kutengeneza sanamu ya Shaka yenye kimo cha mwanamfalme. Waliomba kwa nguvu ya nadhiri hiyo ugonjwa ugeuke na maisha yarefuke. Na kama ameandikiwa kuiacha dunia, basi afike upesi katika Nchi Safi. Tarehe 21 ya mwezi wa pili mke alifariki. Siku iliyofuata mwanamfalme naye alifariki. Mwaka uliofuata sanamu ikakamilika kama ilivyoahidiwa, na fundi wake, Tori, akatajwa kwa jina.

Msomaji aliyeyajua haya haitazami tena sanamu ile kama alivyoitazama mwanzo. Kimo chake ni kipimo cha mgonjwa. Kukabili kwake mbele, ambako wahakiki wamekuita ugumu wa sanaa changa, kwaweza kuelezwa kwa namna nyingine: huyu ni yule anayeombwa, na anayeombwa hageuki pembeni. Tabasamu ambalo halisemi ndiyo wala hapana linalingana na nadhiri yenye matawi mawili, uzima au Nchi Safi, iliyokwisha kuamuliwa kabla shaba haijamiminwa. Hatudai kwamba Tori aliyawaza hayo kwa maneno yetu. Twadai kwamba umbo na ombi vilizaliwa pamoja, na kwamba anayelisifu umbo huku akilinyamazia ombi amekata sentensi katikati.

Tahadhari yahitajika hapa. Maandishi nayo huhakikiwa. Katika jumba lile lile mna sanamu ya Yakushi, Buddha wa uponyaji, ambayo maandishi yake yasema ilikamilishwa mwaka wa 607 ili kutimiza nadhiri ya mfalme aliyeugua akafa. Wataalamu wengi, kwa kupima lugha ya maandishi na mtindo wa umbo, wanaona kuwa ni ya baadaye kuliko isemavyo. Uhakiki wa nadhiri, basi, hauondoi uhakiki wa umbo. Huuhitaji kama shahidi wa pili. Na hata nadhiri iliyorudishwa nyuma kwa miaka hutufundisha kitu: waliouandika mwaka ule walitaka hekalu lao lionekane limezaliwa na ombi la mfalme mgonjwa.

4. Vyombo vya ibada

Sanamu haikukaa peke yake. Horyuji wana kabati dogo la ibada lenye umbo la jumba, kimo chake zaidi ya mita 2, liitwalo Tamamushi kwa jina la mbawakawa mwenye rangi ya kijani inayometameta. Mabawa ya wadudu hao yalipangwa chini ya shaba iliyotobolewa kwa nakshi, hata mwanga wa taa ukipita, ukingo wote ukang'aa. Mabawa mengi yamekwisha kutoweka. Mbavuni mwake pamechorwa visa viwili vya maisha ya awali ya Buddha. Katika kimoja mwanamfalme aona chui milia mwenye njaa pamoja na watoto wake: juu avua nguo na kuzitundika mtini, katikati aanguka genge, chini analiwa, na yote matatu yamo katika picha moja. Katika kingine mtafutaji wa ukweli aahidi kulitoa jimwi mwili wake ili apate kusikia nusu ya pili ya ubeti. Aliposikia, auandika juu ya mawe kwa ajili ya wengine, kisha ajirusha.

Visa vyote viwili vyahusu kutoa. Aliyepiga magoti mbele ya kabati hilo, huku akitoa ua, ubani au mafuta ya taa, aliwaona mbavuni waliotoa miili yao. Mchoraji alipanga kipimo cha utoaji, kuanzia kidogo cha mwabudu hadi kikubwa kisichopitika. Picha hizo zikichapishwa peke yake katika kitabu cha sanaa, kipimo hicho hakionekani tena.

Hali ni hiyo hiyo kwa bendera kubwa ya shaba iliyopakwa dhahabu, ya karne ya 7, ambayo ni miongoni mwa hazina za hekalu hilo. Urefu wake wapita mita 5. Ilitundikwa juu, nayo nakshi zake zilizotobolewa zilionyesha viumbe wa mbinguni wanaopiga ngoma na zumari na kurusha maua. Ilikusudiwa ining'inie, ipitishe mwanga na kutikisika. Leo sehemu zake hutazamwa katika utulivu wa makumbusho, kila moja mahali pake.

Kuna na vyetezo vya kushikwa, vyenye mkono mrefu ambao mwisho wake umepanuka kama mkia wa ndege. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa chetezo ni nini, wala udi, wala sandali. Maneno hayo yamekaa katika lugha yetu kwa sababu ya biashara ya Bahari ya Hindi. Na bahari hiyo hiyo ilifika Horyuji. Miongoni mwa hazina zake mna vipande viwili vya mti wa sandali vyenye alama zilizochongwa kwa hati ya Kipahlavi, yaani hati ya Uajemi ya kale, na chapa iliyochomwa kwa moto kwa hati ya Kisogdi, lugha ya wafanyabiashara wa Asia ya Kati. Kipande cha mti chenye alama za wachuuzi si kazi ya sanaa kwa kipimo chochote cha umbo. Hata hivyo hekalu lilikitunza kwa zaidi ya miaka 1,000 pamoja na dhahabu na shaba, kwa kuwa katika ibada harufu nayo ni sadaka. Mhakiki anayetegemea jicho peke yake hana neno la kusema mbele ya kitu kama hicho.

5. Vilivyotengenezwa visionekane

Ushahidi wenye nguvu zaidi watoka katika vitu ambavyo havikukusudiwa kuonekana hata siku moja. Mwaka wa 593 masalio yaliwekwa chini ya nguzo kuu ya pagoda ya Asukadera. Wachimbuaji walipofika hapo mwaka wa 1957 walikuta pamoja nayo ushanga, vito vilivyopinda, vipande vya dhahabu na fedha, deraya na vifaa vya farasi. Hivyo ndivyo vitu walivyozoea kuzikwa navyo wakuu wa nchi hiyo katika makaburi yao makubwa ya vilima. Waliojenga pagoda ya kwanza, basi, walimheshimu Buddha kwa lugha ya mazishi waliyoijua. Kazi bora za mikono yao walizifukia chini, wakasimamisha nguzo juu yake.

Mfano wa pili ni wa karne ya 8. Baada ya uasi wa mwaka wa 764, malkia mtawala Shotoku, ambaye hana budi kutofautishwa na mwanamfalme wa jina linalofanana, aliweka nadhiri ya kutengeneza pagoda ndogo za mbao zipatazo milioni moja. Kila moja ilikerezwa, kimo chake kama senti 21, ikapakwa chokaa nyeupe, na ndani ya tundu lake ikawekwa karatasi iliyochapishwa dharani, yaani maneno matakatifu yanayosomwa kwa sauti yake hata pale maana yake isipojulikana. Kazi ilimalizika mwaka wa 770, nazo pagoda zikagawiwa mahekalu 10. Za mahekalu mengine zimepotea. Horyuji bado wana zaidi ya 40,000.

Karatasi hizo ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi duniani yaliyochapishwa ambayo tarehe yake yajulikana. Wanahistoria wa uchapaji huzitaja kwa fahari, na wana haki. Lakini tazama: uchapaji huo wa kwanza haukuwa kwa ajili ya wasomaji. Karatasi zilikunjwa, zikafungiwa ndani, zikafunikwa kwa kifuniko cha mnara. Kitabu kitakatifu kilichofuatwa kiliahidi thawabu kwa kuzidisha maneno na kuyaweka ndani ya pagoda, na uchapaji ulikuwa njia ya kuzidisha. Aliyezoea kuhesabu thamani ya maandishi kwa idadi ya wasomaji wake atapata sifuri, na sifuri hiyo itakuwa ya kipimo chake.

6. Jicho la nani?

Mtu aweza kutupinga hapa. Atasema: ikiwa kuonekana hakukuwa na maana, kwa nini mafundi wakajitahidi kiasi kile? Kwa nini Kinmei akashangaa? Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake twalipata Nara, katika hekalu la Todaiji, mwaka wa 752.

Mwaka huo sanamu kubwa sana ya Buddha wa shaba, iliyoagizwa na mfalme Shomu, ilifunguliwa macho. Hadi hapo ilikuwa shaba tu. Mtawa Bodhisena, mzaliwa wa Bara Hindi, alishika brashi na kuchora mboni. Kwenye brashi hiyo zilifungwa kamba ndefu ambazo watu waliohudhuria walizishika, ili kila mmoja awe na fungu katika mstari ule mmoja wa wino. Brashi na kamba zimehifadhiwa hadi leo katika ghala la Shosoin. Sanamu iliungua mwaka wa 1180; ilipofanyizwa upya, mfalme mstaafu Go-Shirakawa aliishika brashi ile ile mwaka wa 1185 na kuyafungua macho tena.

Kwa hiyo jicho lilikuwa na maana kubwa mno. Ila jicho lililohesabiwa ni la sanamu. Mafundi walijitahidi kwa kuwa walikuwa wakitengeneza uso utakaowatazama watu, uso wa kumwelekea mtu katika ugonjwa na katika msiba, na uso huo haukuweza kuwa wa ovyo. Uzuri ulikuwa sehemu ya sadaka na sharti la kukaribisha. Hatusemi, basi, kwamba uzuri ni pambo lililoongezwa juu ya ibada. Twasema kwamba uzuri huo una mwelekeo, na kwamba mtazamaji wa leo amesimama mahali pa anayetazamwa huku akidhani kuwa yeye ndiye mtazamaji pekee.

7. Neno jipya, thamani mpya

Yafaa tukumbuke kwamba Wajapani wenyewe hawakuwa na neno moja la kuviita vitu hivi sanaa hadi karne ya 19. Neno bijutsu, ambalo leo hutumiwa kwa maana hiyo, liliundwa mwaka wa 1872, serikali ilipojiandaa kwa maonyesho ya kimataifa ya Vienna ya mwaka wa 1873. Miaka minne kabla ya hapo, sheria za kutenganisha miungu ya nchi na Buddha zilikuwa zimechochea uharibifu mkubwa wa mahekalu. Sanamu zilivunjwa, zikauzwa, zikayeyushwa. Horyuji nao walikuwa maskini. Mwaka wa 1878 walitoa hazina zaidi ya 300 kwa nyumba ya mfalme, wakapewa yen 10,000 za kukarabati majengo. Vingi kati ya vitu hivyo, pamoja na ile bendera ya shaba na ile miti ya sandali, vimo leo katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo. Sheria ya mwaka wa 1897 ya kuhifadhi mahekalu ya kale ilifuata, nayo ilitumia kipimo cha historia na sanaa.

Kwa haki yapasa kusema kwamba neno lile jipya liliokoa vitu vingi. Sanamu ambayo haikuwa tena na mtetezi kama kitu cha ibada ilipata mtetezi kama kazi ya sanaa. Lakini wokovu huo ulikuwa na bei, na bei hiyo ilionekana wazi tarehe 26 Januari 1949. Siku hiyo Jumba la Dhahabu la Horyuji lilishika moto wakati ambapo wachoraji walikuwa wakizinakili picha za kale za kuta zake ili zisipotee. Picha zikaungua, zikabaki kama vivuli. Mwaka uliofuata Japani ikatunga sheria mpya ya kulinda mali za utamaduni. Hakuna sababu ya kuwacheka waliokuwa wakinakili. Kazi yao ilikuwa ya upendo. Hata hivyo kisa hicho chatukumbusha kwamba kutazama nako ni tendo, nalo laweza kukigharimu kitu kinachotazamwa.

Watawa wa Horyuji wenyewe wamepata njia ya kati. Guze Kannon hairudishwi katika vitambaa vyake, lakini pia haiachwi wazi mwaka mzima. Milango ya kabati hufunguliwa mara mbili kwa mwaka, kwa majuma kadhaa ya masika na ya vuli, kisha hufungwa. Waendao kwa ajili ya sanaa na waendao kwa ajili ya sala husimama katika mstari mmoja, mbele.

8. Hitimisho

Tulianza kwa kuuliza kama desturi ya kukizunguka kitu na kukihukumu kwa macho yafaa kwa kila kitu. Tumeona sanamu yenye kimo cha mgonjwa, bendera iliyoundwa itikisike, mti ulionusiwa, ushanga uliofukiwa, na karatasi zilizochapishwa zisisomwe. Kila kimoja kinamwuliza mhakiki maswali matatu ambayo umbo peke yake halijibu: ni nani aliyetoa, kwa ajili ya nani, na kwa tendo gani?

Kwa sisi tunaofundisha na kuandika kwa Kiswahili, jambo hili lahusu pia msamiati wetu. Neno sanamu tulilipata katika Kiarabu, ambako linabeba maana ya kitu kinachoabudiwa pasipo haki. Neno sanaa, kwa upande wake, lamsifu fundi na kumsahau aliyemtuma. La kwanza lamhukumu mwabudu kabla hajasikilizwa. La pili lamfuta kabisa. Mwanafunzi wa Lubumbashi anayeandika maelezo ya kitu cha ibada, kiwe cha Nara au cha kijiji cha babu yake kilichowekwa ndani ya kioo cha makumbusho, hutumia maneno hayo mawili kwa kuwa ndiyo aliyofundishwa. Tunapendekeza aanze na nadhiri, thawabu, sadaka na chetezo, maneno ambayo lugha yetu inayo tayari, kisha ndipo afike kwenye umbo na mtindo.

Mwanamfalme hakupona. Sanamu ikamalizwa hata hivyo, kwa kuwa iliahidiwa, na jamaa zake wakaandika sababu yake mgongoni, mahali ambapo mwabudu hafiki. Mhakiki aliyesoma maandishi hayo hana ruhusa tena ya kuzungumzia mikunjo ya nguo peke yake.